Kutafuta Chanzo cha Mlio wa Upepo Garini

Msafiri atokaye mjini kwa gari husikia kwanza injini, kisha magurudumu, na mwendo unapokaribia kilomita 80 kwa saa husikia upepo; na kutoka hapo sauti hiyo ya tatu hukua upesi kuliko zile mbili zilizoitangulia, hata ikazimeza, walio mbele wakapaza sauti ili wasikilizwe na walio nyuma, redio ikaongezwa, na kila mtu akafika aendako na uchovu ambao hajui ameupataje. Wengi huihesabu taabu hii kuwa ada ya safari, jambo lisiloepukika maadamu gari ni kuukuu au lilinunuliwa kwa bei nafuu. Na wachache wenye uwezo hulipeleka gereji likafunguliwa milango na sakafu, yakabandikwa mazulia mazito ya kuzuia sauti, wakalipa fedha nyingi, kisha wakarudi barabarani na kuukuta mlio uleule. Zulia la sakafuni haliwezi kuziba upenyo ulio juu ya mlango. Rai yangu ni kwamba mlio wa upepo haufai kutiwa dawa kabla ya kujulikana mahali unapozaliwa, na kwamba kupajua mahali hapo ni kazi ambayo mwenye gari yeyote mwenye subira, utepe wa karatasi, na rafiki wa kumsaidia kusikiliza, aweza kuifanya mwenyewe bila ya kumlipa mtu.

Yafaa kwanza kufahamu kwa nini upepo, ambao mjini hausikiki kabisa, hugeuka kuwa kelele kubwa katika barabara kuu. Mwaka 1952 James Lighthill, mwanahisabati wa Kiingereza aliyekuwa akisomesha Manchester, alitoa nadharia iliyoeleza namna hewa inayokwenda kwa vurugu inavyozaa sauti bila ya kuwapo ngoma wala uzi unaotikisika; alikuwa akifikiri juu ya mngurumo wa injini za ndege za jeti. Mwaka 1955 mtaalamu mwingine, Curle, aliiendeleza nadharia hiyo kwa hewa inayopiga kitu kigumu, na hapo ndipo ilipopatikana kanuni inayolihusu gari: nguvu ya sauti hukua takriban kwa kipeo cha sita cha mwendo. Maana yake ni kwamba mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya sauti huzidi mara 64. Na dereva apandishaye kutoka 80 hadi 120 hudhani ameongeza nusu tu ya mwendo wake, kumbe nguvu ya mlio imezidi zaidi ya mara kumi na moja, nayo ni desibeli kumi na kidogo, kiasi ambacho sikio la binadamu hukipokea kana kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu.

Lighthill huyohuyo, na jambo hili lawahusu watu wa pwani yetu, aliandika mwaka 1969 juu ya namna Bahari ya Hindi inavyoitika upepo wa kusi uanzapo kuvuma, na namna mkondo wa pwani ya Somalia unavyojengeka kwa sababu hiyo. Kusi naye ana hesabu yake barabarani, kwa kuwa kinachozaa mlio ni mwendo wa hewa juu ya bodi, wala si tarakimu iliyo kwenye dashibodi: dereva anayetoka Malindi kwenda Mombasa katika miezi ya kusi, akikabiliwa na upepo wa kilomita 20 kwa saa, huku gari lake likisema 80, masikioni mwake anakwenda 100, na nguvu ya mlio inakaribia kuwa mara nne ya ile ambayo angeisikia siku ya shwari. Ndiyo maana gari moja huonekana limenyamaza leo na kesho likapiga mbinja, na mwenyewe akamlaumu fundi aliyeligusa jana kwa ajili ya kitu kingine kabisa.

Sauti za upepo, pamoja na wingi wake, hugawanyika katika kabila mbili kuu ambazo lazima zitenganishwe kabla ya kushika bisibisi. Kabila la kwanza ni sauti inayozaliwa nje, pale hewa inapokata kona ya nguzo ya kioo cha mbele, au inapolipita umbo la kioo cha pembeni, ikajiviringa na kuyapiga madirisha ya mbele, yaliyo karibu mno na masikio ya dereva na abiria wake. Sauti hii hupita katika kioo chenyewe, hata kama milango imefungwa barabara. Kabila la pili ni sauti ya upenyo, yaani hewa inayovuja kati ya ndani na nje. Wengi hudhani upepo husukuma mlango ndani, na hapo hupotea; kwa hakika ubavuni mwa gari liendalo kasi kanieneo la hewa hushuka chini ya lile la ndani, na mlango huvutwa nje. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa msukumo wa hewa inayokuja mbele ni kama uzito wa kilo 47 juu ya kila mita mraba, na karibu na pembe ya nguzo ya mbele mvuto wa nje hukaribia kiasi hicho au hukizidi. Fremu nyembamba inayoshika dirisha hupinda kidogo, mpira wa mlango ambao gereji ulionekana umegusa huachia, hewa ya ndani hutoka kwa kasi, nao mlio huanza. Hii ndiyo sababu ya maneno yanayosikika kila siku katika eneo la Gerezani na kila penye mafundi, ya kwamba gari likisimama ni zima na likikimbia ni gonjwa. Si uongo wa mteja wala uzembe wa fundi.

Masikio yenyewe hutoa ushahidi wa kwanza. Sauti ya upenyo aghalabu ni ya juu, kali, yenye mahali, nawe waweza kuinyooshea kidole ukasema iko hapa, karibu na sikio la kulia. Ilhali sauti inayozaliwa nje ni mvumo mpana usiokuwa na pahala maalumu. Sauti ya wimbo, yenye noti moja iliyo wazi, ni ya namna ya tatu, na aghalabu chanzo chake ni kitu chembamba kilichosimama katika njia ya hewa: chuma cha keria, antena, au ukingo wa plastiki ulioachia. Mwaka 1878 mwanafizikia wa Kicheki, Strouhal, alipima nyaya zinazoimba katika upepo akaona kwamba noti yake hutegemea kasi ya hewa na unene wa waya, na kwa kanuni yake mtu aweza kumkamata mhalifu kwa hesabu: kwa kilomita 100 kwa saa chuma cha keria chenye unene wa milimita 25 huimba kwa mitikisiko kama 220 kwa sekunde, sauti nzito ya kiume, na antena ya milimita 3 hulia kwa mitikisiko zaidi ya 1,800, sauti nyembamba ya mbinja. Tazama kwa karibu antena ya gari la kisasa: mara nyingi utaona uzi mnene wa plastiki umezungushwa juu yake kwa mshazari kutoka chini hadi ncha. Si pambo. Uzi ule huivunja ile zamu ya hewa inayoachia upande huu na upande huu, isiweze kupatana kwa urefu wote wa antena, na noti haizaliwi. Mabomba marefu ya moshi ya viwandani huvikwa mapezi ya mshazari kwa sababu iyo hiyo, ili upepo usiyatikise. Mwenye keria inayoimba, kama hawezi kuiondoa, na aizungushie kila chuma cha kukingama kamba nyembamba kwa mshazari, aikaze vizuri isije ikafunguka njiani, naye atashangaa.

Kuna na ule mshindo mzito wa kupwitapwita unaotokea dirisha moja la nyuma likifunguliwa peke yake, unaoumiza masikio na kuwatapisha watoto. Hapo chumba chote cha gari kimekuwa chupa inayopulizwa mdomoni, na elimu yake ni ya Mjerumani Helmholtz. Dawa ni kufungua kidogo dirisha jingine, basi.

Kabla ya kuutuhumu upepo lakini ni haki kuhakikisha kwamba ni upepo kweli, kwa sababu beringi ya gurudumu iliyochakaa na tairi iliyoliwa upande hulia mvumo unaofanana sana na wake, na kosa hapa ni la hatari, si la fedha tu. Shika mwendo uleule kwa gia tofauti: sauti ikibadilika pamoja na injini, upepo hauhusiki. Pita kutoka lami mpya kwenda lami ya zamani yenye kokoto: ikibadilika hapo, ni tairi. Ukizungusha usukani taratibu kulia na kushoto katika njia pana iliyo tupu, na mvumo ukaongezeka upande mmoja na kupungua upande wa pili, nenda ukatazamiwe beringi siku hiyohiyo. Dalili bora ya upepo hutolewa na malori: unapolipita lori kubwa, pale unapoingia katika hewa yake na kutoka, mlio wa upepo hubadilika ghafula, hali tairi na injini zinaendelea na shughuli zake bila ya mabadiliko yoyote.

Nilipata kuandamana na fundi wa bodi, mtu mzima asiyependa maneno mengi, aliyeletewa gari dogo la Kijapani na mwalimu mmoja wa kike. Mwalimu alikuwa amekwisha choka. “Fundi,” alisema, “raba za mlango huu zimebadilishwa mara mbili, na bado unapiga mbinja.” Fundi hakuugusa mlango. “Mwalimu, tusifungue kitu kwanza,” alimjibu, “twende barabarani.” Wakaenda wakausikiliza, wakarudi, akatoa utepe wa karatasi, ule ambao mafundi rangi huuzungushia vioo kabla ya kupuliza rangi, akaanza kuubandika juu ya kila ufa aliouona: kuizunguka milango yote minne, pembe za vioo vya pembeni, ukingo wa boneti, na kuizunguka fremu ya kioo cha mbele pande zote. Aliacha wazi matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo cha mbele, kwa kuwa gari hupumua hapo, na mlango wa dereva aliufunika mwisho, dereva akiwa ndani, kwa utepe mwepesi ambao mkono mmoja waweza kuupasua.

Hapa ndipo penye busara ya njia hii. Wengi huziba sehemu moja moja kwa kubahatisha, wakachoka kabla ya kufika panapostahili. Yeye aliziba zote kwa mara moja, ili safari ya kwanza imjibu swali lililo kubwa kuliko yote: je, mlio huu ni wa nyufa au si wa nyufa? Kama ungebaki vilevile, angejua kwamba raba zote hazina hatia, na kwamba atafute katika maumbo yaliyo nje au unene wa vioo. Mlio ukatoweka. Basi kutoka hapo ikawa kazi ya kubandua: kipande kimoja, safari fupi kwa mwendo uleule, katika njia ileile, kuelekea upande uleule, feni imezimwa na redio imezimwa, abiria akisikiliza na dereva akiendesha, maana watu wawili hawa wasibadilishane kazi njiani. Ulibanduliwa utepe wa milango, kimya; wa vioo vya pembeni, kimya; na ulipobanduliwa ule wa pembe ya juu ya kioo cha mbele, upande wa dereva, mbinja ikarudi. Kioo kile kilikuwa kimebadilishwa mwaka uliotangulia, na ukanda wa mpira unaofunika ukingo wake ulikuwa umeinuka kwa urefu wa vidole vitatu, ukitikisika hewani juu tu ya sikio la mwenye gari, na kwa hiyo akili yake ikaupeleka mlio mlangoni. Raba mbili zilizonunuliwa zilikuwa zimenunuliwa bure.

Kisa hicho nimekieleza kwa urefu kwa sababu naona ndani yake adabu yote ya kazi hii. Sikio hudanganya kwa urahisi, kwani sauti huruka kutoka kioo hadi paa na kutoka paa hadi nguzo, bali utepe haudanganyi. Asiye na sikio jepesi na achukue kipande cha mpira wa maji chembamba, abiria aweke ncha moja sikioni na nyingine aipitishe polepole katika ukingo wa mlango kwa ndani wakati gari linakwenda, na pale penye upenyo atausikia. Lakini utepe ubanduliwe upesi jaribio liishapo, kwa kuwa jua la adhuhuri hukausha gundi yake juu ya rangi, ikawa shida nyingine.

Kama dalili zaelekea mlangoni, gari lisimamishwe kivulini na uchunguzi wa polepole uanze. Shika noti ya fedha, ifungie mlangoni nusu ndani na nusu nje, kisha uivute: penye raba nzima itasita na kukwaruza, penye raba iliyolala itateleza bila ya kizuizi, zunguka mlango mzima hivyo, hatua kwa hatua, na mahali panapoteleza utie alama. Au paka raba chaki, funga mlango kwa uangalifu, ufungue, na utazame mstari uliochapwa kwenye bodi: ulipokatika, hapagusi. Njia inayonipendeza mimi ni ya moshi. Funga madirisha yote, washa feni ya gari kwa nguvu yake yote ikivuta hewa kutoka nje, kisha upitishe kijiti cha udi kinachofuka taratibu pembeni mwa milango, kwa nje, pasipo kukigusisha na raba. Moshi utapanda wima na kutulia, na ghafula mahali pamoja utasukumwa kando, kwa maana hewa ya ndani inatoka hapo. Pembeni mwa kioo cha mbele povu la sabuni hufaa kuliko moshi, kwani mapovu huvimba palipo na uvujaji hata uwe mdogo namna gani. Maji ya bomba pia husaidia: yakiingia, hewa nayo yaingia, ingawa kutoingia kwa maji si dhamana, kwa kuwa yako matundu yanayopitisha hewa na kukataa maji.

Tiba zenyewe ni fupi kuliko uchunguzi. Raba ya mlango iliyolala kwa uzee, na magari mengi tunayoyaagiza hutufikia yakiwa yamekwisha tumika miaka kadhaa, kisha hupigwa na jua letu, kwanza ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikaushwe, ipakwe mafuta ya silikoni. Isipakwe grisi wala mafuta ya injini, ambayo huivimbisha na kuilegeza. Ikiwa imepasuka au haiinuki tena, inunuliwe ya gari hilohilo, si ya kukatwa kwa mita, kwa kuwa umbo la tundu lake la ndani ndilo linaloipa uwezo wa kuufuata mlango unapovutwa nje. Mlango ambao raba yake ni nzima lakini haukazi huenda umeshuka kwenye bawaba, au kile chuma cha kwenye nguzo ambacho kitasa hukishika kimesogea: kizungushie alama ya kalamu, kilegeze, kisogeze ndani kwa milimita moja tu, ukaze, ujaribu. Kupinda fremu ya dirisha ni kazi ya fundi wa bodi aliyezoea, kwani ikizidi kioo hakipandi. Ukanda wa kioo ulioinuka hubandikwa upya kwa gundi yake. Na kioo ambacho gundi yake kubwa ina upenyo hutolewa na kuwekwa upya, maana kioo kisichoshikwa barabara kina hatari kubwa kuliko kelele. Vile vikinga mvua vya plastiki vinavyobandikwa juu ya madirisha, ambavyo magari mengi ya Japani huja navyo, navyo vitazamwe: kimoja kilichoachia gundi mwisho wake chatosha kuipigia mbinja familia nzima.

Ikiwa utepe umebandikwa kila mahali na mvumo umebaki, ndipo mtu aanze kufikiri juu ya vioo. Watengenezaji wa magari ya fahari hutia katika madirisha ya mbele kioo cha tabaka mbili chenye utando laini katikati, na utando huo hula sehemu kubwa ya ukali wa sauti. Gari ambalo halikuzaliwa na kioo hicho mara nyingi haligeuzwi kwa gharama yenye maana. Mazulia ya milangoni hupunguza kidogo, na hapa, baada ya nyufa zote kuzibwa, yana haki ya kununuliwa. Mwenye gari ajiandae pia kwa jambo moja linalowavunja wengi moyo: upepo ukinyamaza, sauti zilizokuwa zimefichwa nyuma yake hujitokeza, tairi zikaanza kusikika, kisanduku cha dashibodi kikagongagonga, naye akadhani fundi ameharibu, hali gari limepona.

Kwa gari lenye kioo kilichosimama wima na bodi la sanduku, mathalan yale yanayobeba abiria wanane na mizigo yao juu ya keria, kuna kadiri ambayo ufundi hauivuki. Hapo ibaki kanuni ile ya kipeo cha sita, ambayo hufanya kazi kwa kurudi nyuma pia: dereva anayeshusha mwendo kutoka 100 hadi 80 huiacha nguvu ya mlio ikibaki kama robo tu ya ilivyokuwa, na katika kila kilomita 100 za safari hulipa robo saa kwa ajili ya utulivu huo.